Dada Yangu Aliyeogopa Kula

Mwaka ule dada yangu alipoanza kukonda, watu wengi wa Faza walidhani anafunga. Alikuwa mtu wa swala na nyiradi, kwa hiyo mtu akimwona amekataa chai ya saa nne, au amesogeza sinia upande wa pili bila kuchukua tonge, alisema, "Mashallah, yuko kwenye sunna." Naye hakukanusha. Kufunga kulimpa heshima, na tena kulimpa sababu ya kutokula mbele za watu.

Mimi niliishi naye nyumba moja nami nilidhani hivyo hivyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ninatoka asubuhi na kurudi adhuhuri. Mume wangu ni nahodha wa boti la abiria linalotoka kisiwani kwetu kwenda mjini Amu na kurudi, naye ratiba yake hupangwa na maji kujaa na kupwa. Mchana mwingi dada alikuwa peke yake jikoni, na jikoni ndiko alikokuwa bibi wa mambo yote. Hakuna aliyemwuliza amekula nini.

Nieleze kwanza alikuwa nani. Yeye ni mtoto wa kwanza kwa mama yetu na mimi ni wa mwisho, tumepishana miaka kumi na miwili. Mama alifariki nikiwa sijaota meno yote. Baba alioa kisiwa cha pili akahamia huko, na mimi nikabaki mgongoni kwa dada. Nasema mgongoni kwa sababu ndiko alikonibeba, na huo mgongo wakati ule ulikuwa umeshaanza kupinda.

Alipokuwa na miaka kama tisa alishikwa na homa zisizoisha na maumivu katikati ya mgongo. Bibi yetu alimkanda kwa mafuta ya nazi, akampeleka akaumikwa kwa pembe kutoa damu, akamfunga kanga ya kubana kiunoni. Homa ziliondoka zenyewe. Lakini mifupa miwili mitatu ya uti wa mgongo ilikuwa imeshalika, na mgongo ukakunjika mbele kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Miaka mingi baadaye daktari alituambia kwamba pengine ulikuwa ugonjwa ule ule wa kifua kikuu, ila umeingia mifupani. Zamani hizo hakuna aliyelijua hilo kwetu. Watoto walimwita Kibiongo, na watu wazima walimwita Kibiongo kwa sauti ya chini zaidi.

Hakuolewa. Alijifunza kupika, akapika mpaka jina lile likasahaulika. Harusi ya maana haikufanyika Faza bila yeye kukaa kwenye kibao chake kifupi mbele ya masufuria, mwiko mrefu mkononi, akitoa amri. Akikaa pale hakuonekana kama ana kilema. Kila mpishi huinama mbele ya moto. Wali wake wa nazi haukushikana na haukuwa mkavu. Alijua kwa kunusa tu kama bizari imeiva au bado ni mbichi. Mimi nilisomeshwa kwa mwiko ule mpaka chuo cha ualimu.

Mtu kama huyo ndiye aliyeanza kuogopa chakula.

Nilikuja kujua baadaye jinsi ilivyokuwa. Akila, nusu saa haikupita kabla ya maumivu kuanza chini ya chembe cha moyo. Hayakuwa ya kuchoma kama kiungulia. Alisema ni kama mtu anayekamua nguo humo ndani, anakamua na hafungui. Aliingia chumba cha ndani, akalala kwa ubavu, magoti ameyaleta kifuani, akangoja. Saa moja, wakati mwingine saa mbili. Kisha yalimwachia, akatoka, akaendelea na kazi. Akila kidogo, yalikuja kidogo. Asipokula hayakuja kabisa. Basi akajifunza kutokula.

Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo. Alizimeza miezi mitano, akarudi, wakampa nyingine. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akimsaidia kuchambua mchele wa harusi, alisema wazi kwamba ni husda, kwamba mikono ile ya kupika imetiwa jicho. Tulimwandikia kombe la aya kwa zafarani, akalinywa siku saba. Tulisomewa nyumba nzima. Siwalaumu watu hao; walimpenda, na walifanya walilolijua. Najilaumu mimi kwa jambo jingine.

Ramadhani ya mwaka ule alikuwa na furaha kuliko sisi sote. Alipika futari za nyumba nne, alicheka, alitembea uani bila kushika ukuta. Nilimwambia mume wangu, "Unaona? Kombe limefanya kazi." Sikuona kwamba ikiadhiniwa magharibi alikunywa maji, akala tende moja, akasimama. Sisi tulikuwa na njaa, macho yetu yalikuwa kwenye sahani zetu.

Baada ya Idi alikonda mbele ya macho yetu. Bangili zilimtoka mkononi bila kuvutwa. Alipoinama kukuna nazi, mifupa ya mgongo ilionekana juu ya nguo, na kile kibiongo, badala ya kupungua na mwili, kilizidi kujitokeza. Alizidi pia kukunjika. Kifua chake kilikaribia tumbo, na pale katikati pakabaki mkunjo mmoja wa ngozi.

Hapo ndipo nilipoanza kumwandama. Nilimpakulia mimi mwenyewe kabla ya kwenda shule, nikirudi nakuta sahani tupu imeoshwa, moyo unatulia. Wiki mbili mambo yakaenda hivyo. Siku moja shule ilifungwa mapema kwa ajili ya mkutano wa walimu, mkutano wenyewe ukaahirishwa, nikarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Nikamkuta uani amechuchumaa, anawamwagia kuku wali na samaki niliompakulia, taratibu, kwa vidole, akiuchambua mwiba kwanza wasije wakakabwa.

Hasira niliyopata siku ile sijapata tena maishani. Nilihisi nimedanganywa. Mtu aliyenilea na kunifunza kusema kweli, alikuwa akinidanganya kila siku kwa sahani safi.

"Kwa hiyo kuku ndio wanaoshiba nyumba hii?" nikasema.

Alishtuka, akajifuta vidole kwenye kanga. "Yeo sina ndaa, mamaangu."

"Jana je? Na juzi?"

Nikaingia jikoni, nikapakua sahani nyingine, imejaa, nikaiweka mbele yake juu ya mkeka. Nikakaa. "Hatuondoki hapa mpaka iishe."

"Niate," alisema. "Niate, mamaangu. Utaniumiza."

"Utajiua kwa ukaidi. Unataka watu waseme nimekunyima chakula? Kwamba mwalimu amemtesa dada yake mlemavu?"

Neno hilo la mwisho lilinitoka tu. Sikuwahi kulitamka mbele yake hata mara moja. Aliniangalia kidogo, kisha akanawa mikono, akasema bismillahi, akaanza kula. Alikula kama anayemeza dawa. Tonge baada ya tonge, bila kuinua macho, mpaka chini ya sahani pakaonekana maua yaliyochorwa. Nilihesabu nimeshinda. Nikamletea maji, nikamshika bega, nikamwambia, "Umeona? Si umekula?"

Dakika ishirini baadaye alikuwa sakafuni. Alijikunja mpaka paji la uso likagusa magoti, na sauti aliyotoa haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi inayokatika katikati. Alitapika yote. Jasho lilimtiririka, na mikono yake ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Nilimwita jirani, jirani akanyanyua simu akampigia mume wangu. Maji yalikuwa yamekupwa, boti limekaa kwenye tope, na tulilazimika kungoja mpaka alasiri ndipo bahari ikapanda ya kutosha kumtoa. Saa zile nilikaa nimempakata. Hakunilaumu. Alisema jambo moja tu: "Nilikwambia."

Hospitali ya Amu walimtia maji ya mishipa, wakampima uzito. Alikuwa na uzito wa mwanafunzi wa darasa la tano. Wakatuandikia barua ya kwenda Mombasa.

Daktari aliyempokea huko alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, mpole, asiye na haraka. Tulikuwa tumezoea madaktari wanaoandika huku mgonjwa bado anaongea. Huyu alimwuliza dada maswali mengi madogo. Maumivu yanaanza muda gani baada ya kula? Ukila uji ni sawa na ukila nyama? Ukilala chali inakuwaje? Ukijikunja? Kisha akamlaza kwa ubavu, maana chali hakuweza, akaweka kile kipimo cha kusikilizia moyo, si kifuani bali tumboni, juu ya kitovu.

"Vuta pumzi, mama. Sasa itoe yote. Usivute tena mpaka nikuambie."

Akasikiliza. Akarudia. Kisha akanipa mimi vile vya masikioni, sijui kwa nini, pengine aliona uso wangu. Nilisikia mvumo, kama upepo unaopita kwenye ufa wa dirisha, unakuja na kuondoka kwa mapigo ya moyo. Dada alipotoa pumzi yote, mvumo ukawa mkali zaidi.

"Hiyo ni damu," daktari alisema. "Inapita mahali pembamba."

Walimpiga picha ya ile mashine kubwa ya duara, kwa dawa inayopitishwa kwenye mshipa. Siku iliyofuata daktari alituita, akachukua karatasi na kalamu, akachora. Nilikuwa mwalimu wa sayansi wa darasa la sita na la saba. Nimechora moyo na mishipa ubaoni mara nyingi, nikawapa watoto mtihani. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba mchoro ule unaweza kupindwa.

Alituonyesha uti wa mgongo, na mbele yake mshipa mkuu wa damu unaoteremka kutoka kwenye moyo. Mshipa huo ukifika chini ya kiwambo cha kupumulia, unatoa tawi fupi nene linalopeleka damu kwenye tumbo, ini na wengu. Juu kidogo ya tawi hilo pana kano, utepe mgumu wa kiwambo, unaopita kama upinde. Kwa mtu aliyenyooka, kano na tawi havigusani, au vinagusana bila madhara. Kwa dada, mgongo ulipozidi kukunjika, kifua kilishuka, kiwambo kikashuka nacho, na kano ikakaa juu ya tawi lile, ikalibana.

"Kama mpira wa maji uliokanyagwa," alisema. "Maji yanapita, lakini kidogo. Tumbo likiwa tupu, damu hiyo kidogo inatosha. Ukila, tumbo linataka damu nyingi ya kufanyia kazi. Haiji. Basi linalia."

Dada alikuwa amekaa kitandani, mikono ameikunja mapajani. Aliitazama karatasi muda mrefu.

"Kwa hiyo si husda," alisema.

"Si husda, mama. Ni mgongo."

"Na si kwamba mimi sitaki kula?"

"Ungependa kula. Mwili ndio unaokuadhibu ukila."

Hakunitazama. Ningependa angenitazama, hata kwa chuki. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyesomewa hukumu ya kesi aliyokuwa akijua tangu mwanzo kwamba hana kosa.

Aliuliza kama mgongo utanyooka. Daktari akasema hapana, umri ule na mifupa ile, kuugusa mgongo ni hatari kubwa. Wanachoweza ni kufungua tumbo na kuikata ile kano ili mshipa upumue. Hata hilo lilikuwa na mashaka, kwa sababu kifua chake kilichobanwa kilikuwa na mapafu madogo, na mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa na wasiwasi kama ataweza kuamka vizuri. Kwanza ilibidi aongezwe mwili. Wakampitishia mpira mwembamba puani, wakamlisha maziwa ya dawa tone kwa tone, mchana kutwa, kiasi kidogo ambacho tumbo halikukihisi. Wiki tano tulikaa hivyo. Mpishi wa harusi mia moja alikuwa akilishwa kwa mpira, na mara nyingine alifumba macho akanieleza, bila mimi kumwuliza, jinsi ya kuunga mchuzi wa papa usinuke.

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Aliamka. Siku tatu za kwanza alipumua kwa msaada wa mashine na nilidhani tumempoteza, kisha akarudi, sauti imekwaruza, akaomba maji ya uvuguvugu. Wiki ya pili alikula vijiko sita vya uji. Tulingoja sote, mimi na daktari na muuguzi wa zamu, tukitazama saa ya ukutani. Nusu saa. Saa moja. Alisema, "Yapo, lakini yako mbali."

Hivyo ndivyo yalivyobaki. Hayakuisha. Mshipa ulikuwa umebanwa miaka mingi, na mgongo ulikuwa bado umekunjika. Lakini aliweza kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, na alirudi Faza akiwa na mashavu.

Watu walikuja kumwona, walimshukuru Mungu, walimletea mayai na maziwa. Jirani yetu alilia. Mimi niliomba likizo ya mwezi mzima, nikanunua vibakuli vidogo sita vya rangi tofauti, nikapanga saa. Siku ya kwanza nilimpelekea uji chumbani, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda kumtazama akila.

Aliweka kijiko chini. "Utoke kwanza," alisema.

"Nataka nione tu kama unaweza."

"Utoke, mamaangu."

Nilitoka. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu, na safari hii lilikuwa tupu kweli, kwa sababu hakuna kuku ndani ya chumba. Jioni ikawa hivyo hivyo, na kesho yake. Alikula mbele ya jirani. Alikula mbele ya mume wangu, akimtania kwamba boti lake linanuka dizeli hadi kwenye kanzu. Niliposogea mimi, mkono wake ulisimama.

Nilivumilia miezi miwili kabla ya kusema. Tulikuwa uani, yeye anachambua mchicha, mimi nasahihisha madaftari. Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa sahani ile na kwa neno lile nililolitamka. Nililia, sikujizuia.

Alinishika mkono, vidole vyake vina maji ya mchicha. "Nimekusamehe zamani," alisema. "Siku ile ile, ndani ya boti. Sina kitu moyoni. Lakini nikikuona na sahani, tumbo lajifunga lenyewe. Silifungi mimi."

"Litafunguka lini?"

"Sijui. Usiniulize mimi, liulize lenyewe." Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye mchicha.

Halikufunguka. Aliishi mwaka mmoja na miezi minane baada ya upasuaji, na mimi sikumwona tena akitia kitu mdomoni, hata tende. Idi mbili tulikula yeye chumbani na sisi ukumbini. Wageni walidhani ni adabu ya mgonjwa. Niliishi na jambo hilo kama mtu anavyoishi na jino bovu. Unazoea kutafuna upande mmoja.

Hakupika tena harusi. Alijaribu moja, ya binti wa jirani, lakini moshi ulimshinda kifuani akatolewa katikati ya kazi, na wali ukamaliziwa na wengine. Watu waliusifu. Yeye alijua, na mimi nilijua, kwamba chini ulikuwa umeshika.

Kilichomchukua mwishoni hakikuwa tumbo. Msimu wa baridi ya kusi alipata kikohozi, kikashuka kwenye mapafu yale yaliyokuwa hayana nafasi. Siku nne. Asubuhi ya tano, kabla hatujaamua kumsafirisha, aliniomba nimgeuze ubavu wa pili. Nikamgeuza. Alipumua mara chache zenye umbali katikati, kisha umbali ukawa mrefu kuliko wote.

Tulimwosha mimi, jirani na wanawake wawili wanaoijua kazi hiyo. Kitanda cha kuoshea ni ubao ulionyooka, na yeye hakunyooka. Tulipomlaza chali, kichwa na miguu vilibaki hewani. Tulikunja mataulo tukayaweka chini ya shingo na chini ya magoti, tukamwosha hivyo, amekaa nusu kama mtu anayetaka kuinuka. Kovu la upasuaji lilikuwa limepona vizuri, mstari mwembamba uliofuata ule mkunjo wa ngozi. Nililimwagia maji mara tatu. Alikuwa mwepesi sana, ingawa alikuwa amenenepa.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini. Mume wangu ndiye aliyenisimulia baadaye, amekaa kizingitini anavua viatu vyenye udongo. Alisema waliposhuka naye kaburini, mwanandani, ule mfereji wa ndani anamolazwa maiti, haukumtosha kwa mgongo, kwa hiyo walimrudisha juu, wakamweka kivulini, na watu wawili wakaingia tena na majembe kuupanua kwa nyuma. Ilichukua muda, na jua lilikuwa kali. Hakuna aliyelalamika, alisema. Wengi wao walikuwa wamekula kwenye mikono yake siku za harusi zao. Walipomaliza walimshusha tena, wakamlaza kwa ubavu wa kulia kuelekea kibla, na pakamtosha.